Zipline (kampuni)

Zipline ni kampuni ya Marekani inayosafirisha damu, chanjo, dawa na bidhaa nyingine kwa droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani. Huduma yake ya kwanza ilianza Oktoba 2016 katika wilaya ya Muhanga, nchini Rwanda. Historia yake ni mfano mzuri wa kampuni changa iliyotatua matatizo yake kwa kuondoa kitu badala ya kuongeza.

Historia

Kampuni ilianzishwa mwaka 2011 kwa jina la Romotive. Wakati huo ilitengeneza Romo, roboti ndogo ya kuchezea iliyotumia simu ya mkononi kama ubongo wake.

Mwaka 2014 Keller Rinaudo, mmoja wa waanzilishi, alitembelea Taasisi ya Afya Ifakara nchini Tanzania. Huko alionyeshwa mfumo ambao wahudumu wa afya waliutumia kutuma ujumbe wa simu walipohitaji dawa au damu kwa dharura. Maelfu ya maombi yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta, lakini hapakuwa na njia ya kuyatimiza kwa wakati. Taarifa zilifika haraka, mzigo haukufika. Mwaka huohuo kampuni iliacha roboti za kuchezea ikawa Zipline.

Marekani haikuwa mahali rahisi pa kuanzia, kwa kuwa sheria zake za anga zilimtaka mwendeshaji aione droni yake kwa macho. Rwanda ilikubali droni ziruke mbali zaidi, kwa mawasiliano na waongozaji wa ndege wa Kigali. Serikali ya Rwanda ikawa pia mteja, ikilipia kila mzigo unaofikishwa.

Tatizo la damu

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache. Hospitali ya wilaya inayoagiza damu kwa gari hutegemea barabara za milimani, ambazo wakati wa mvua huwa mbaya. Kuweka akiba kubwa ya damu kila hospitali si suluhisho. Chembe nyekundu hudumu kwa wiki chache tu, na chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hudumu kwa siku chache. Makundi ya damu nayo ni mengi, hivyo lililo adimu huweza kuharibika kwenye jokofu la hospitali moja huku likitafutwa kwingine.

Kwa mpango wa Zipline, damu hukaa kituo kimoja na kupelekwa pale inapohitajika tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Global Health ulikuta kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na muda katika hospitali za Rwanda zilizohudumiwa ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12.

Ufumbuzi wa kiufundi

Droni yenye rafadha kama za helikopta hutua popote, lakini hutumia umeme mwingi na haifiki mbali. Ndege yenye mabawa hufika mbali, ila inahitaji uwanja, na hospitali hazina viwanja vya ndege. Wahandisi waliamua kwamba ndege isitue hospitalini kabisa. Hushuka karibu na ardhi, huachia sanduku lenye mwavuli wa karatasi, kisha hurudi kituoni. Kwa hiyo hospitali haihitaji mashine wala fundi. Mhudumu huagiza kwa simu au kwa ujumbe wa WhatsApp, kisha hutoka nje kuokota sanduku.

Kituoni pia hakuna njia ya kurukia. Droni hurushwa na mtambo unaofanya kazi kama manati, na hufikia mwendo wa kilomita 100 hivi kwa saa kwa muda usiozidi sekunde moja. Inaporudi, kulabu ndogo mkiani hunasa kamba iliyotandazwa kati ya nguzo mbili.

Muundo mpya uliotangazwa mwaka 2018 ulitokana na kero za kila siku za kituo. Hapo awali droni ililazimika kusubiri kipokezi chake cha GPS kitambue mahali ilipo kabla ya kuruka. Kipokezi hicho kikahamishiwa ndani ya betri, ili kiwe kimeshapata mahali wakati betri inachajiwa. Ni badiliko dogo, lakini pamoja na mengine ya aina hiyo muda kati ya kupokea agizo na kurusha ndege ulishuka kutoka dakika kama 10 hadi kama 1. Mabawa, kiwiliwili na betri hutenganishwa, hivyo kipande chenye hitilafu hubadilishwa bila kuizuia ndege nzima.

Kuenea

Kituo cha pili cha Rwanda kilijengwa Kayonza, upande wa mashariki. Tanzania, ambako wazo lilipatikana, ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kuanzisha huduma hiyo kuanzia Dodoma, lakini mpango haukuanza kama ulivyotangazwa. Nchi ya pili kupata huduma ikawa Ghana, Aprili 2019.