Safari ya fungate ya barabarani kutoka Bariadi

Safari ya fungate ya barabarani ni matembezi ya siku chache ambayo wanandoa au wachumba huyafanya kwa gari, wakilala sehemu tofauti njiani. Makala hii inaeleza jinsi safari hiyo inavyopangwa kutoka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu nchini Tanzania. Kutoka mji huo msafiri anaweza kufika pwani ya Ziwa Viktoria upande wa magharibi, na nyanda za juu za Ngorongoro upande wa mashariki.

Jina

Neno fungate lina maana ya kipindi cha siku saba baada ya harusi, ambapo bwana na bibi arusi hukaa pamoja bila kufanya kazi. Kwa desturi ya pwani, siku hizo zilikuwa za kukaa ndani, si za kusafiri. Kusafiri wakati wa fungate ni mazoea ya baadaye, na siku hizi hata waliooana miaka mingi hufanya safari ya namna hiyo.

Majira

Huko Ulaya na Amerika Kaskazini wapenzi wengi husafiri kati ya Septemba na Novemba ili kutazama majani yakigeuka rangi kabla ya kupukutika. Kamusi hutafsiri majira hayo kuwa "vuli", lakini katika Afrika ya Mashariki vuli ni majira ya mvua fupi za mwisho wa mwaka. Mtu anayepanga safari kwa kufuata kamusi peke yake anaweza kujikuta amekwama kwenye matope.

Mkoani Simiyu kiangazi huanza takriban mwezi Juni na kuendelea hadi Oktoba. Mavuno ya pamba hufanyika katika kipindi hicho, na mibuyu hubaki mitupu bila majani. Mvua huanza kwa kawaida mwezi Novemba. Sehemu kubwa ya nchi tambarare ina udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka wakati wa jua na kunata sana ukilowa. Kwa sababu hiyo Septemba na mwanzo wa Oktoba ni wakati mzuri kwa wanaotaka kupita barabara za vumbi.

Wanaotamani kuona makundi makubwa ya nyumbu wajue kwamba miezi hiyo mengi huwa kaskazini mwa Serengeti na upande wa Maasai Mara nchini Kenya. Hupita ukanda wa magharibi, karibu na Mto Grumeti, takriban Mei hadi Julai. Hata hivyo, viboko, mamba, twiga na simba huonekana mwaka mzima.

Njia

Upande wa ziwa. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, katika Wilaya ya Busega, ni takriban kilomita 70 za lami. Lamadi iko kwenye barabara kuu ya Mwanza–Musoma, karibu na Ghuba ya Speke. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na jioni upepo wake hupunguza joto. Chakula cha mahali hapo ni sato, sangara na dagaa.

Upande wa milima. Mbele kidogo ya Lamadi kuna lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kutoka hapo barabara hupita ukanda wa magharibi hadi Seronera, kisha lango la Naabi, na kupanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, wenye kimo cha mita 2,200 na zaidi. Huko usiku ni baridi na asubuhi mara nyingi kuna ukungu. Nguo nzito ni lazima.

Njia ya kurudi bila kupita hifadhini ni Karatu–Mbulu–Haydom–Daraja la Sibiti–Meatu. Ni ndefu, na sehemu zake si za lami, hivyo inafaa kuulizia hali yake kabla ya kuondoka.

Mfano wa ratiba

Siku ya 1: Bariadi hadi Lamadi, jioni ziwani.
Siku ya 2: lango la Ndabaka mapema asubuhi, kulala Seronera.
Siku ya 3: Naabi hadi ukingo wa Ngorongoro au Karatu.
Siku ya 4: kreta, au mapumziko Karatu.
Siku ya 5 na ya 6: kurudi kupitia Mbulu na Meatu.

Gharama

Serengeti na Ngorongoro ni mamlaka mbili tofauti, na kila moja hutoza kiingilio chake kwa watu na kwa gari. Anayevuka zote mbili hulipa mara mbili, hata kama hatalala humo. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango cha chini kuliko wageni wengine, kwa sharti la kuonyesha kitambulisho. Kibali huhesabiwa kwa saa, kwa hiyo kuchelewa kutoka huongeza gharama. Gari la kushuka kreta lazima liwe la kuvuta magurudumu yote manne.

Kwa wenye kipato kidogo, safari ya siku mbili au tatu ya Bariadi–Lamadi–Mwanza haipungui uzuri. Njiani kuna Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, karibu na Kisesa, yaliyoanzishwa na padre David Clement kutoka Kanada. Mwanza kuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, inayofikiwa kwa boti kutoka mjini. Ni afadhali safari fupi iliyolipiwa yote kuliko ndefu inayoanzisha ndoa kwa deni.

Afya na usalama

Kuoga ziwani kunaweza kuambukiza kichocho, kwa kuwa vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi. Viboko na mamba nao wako ufukweni. Eneo lote lina malaria, hivyo chandarua kinahitajika. Katika ukanda wa magharibi kuna mbung'o, ambao huvutwa na nguo nyeusi na za bluu iliyokolea.

Barabarani, kikomo cha mwendo kwenye makazi ya watu ni kilomita 50 kwa saa. Ng'ombe na baiskeli ni wengi, hasa jioni, kwa hiyo inashauriwa kufika malazi kabla ya giza. Nyumba za wageni huandikisha majina ya wote wanaolala. Kila mmoja abebe kitambulisho chake.