Mwarobaini na Vipimo Vitatu

Mwarobaini, mti ambao asili yake ni Bara Hindi, uliitwa hivyo kwa kuwa husemwa ya kwamba huponya maradhi arobaini. Leo twataka kutaja matatu tu, yaani malaria, maumivu na uvimbe, na jinsi wenye elimu ya dawa wanavyoyapima mbalimbali. Mgonjwa akinywa maji ya majani yake, jasho likamtoka na mwili ukapoa, jamaa husema malaria imekwisha. Labda imekwisha, na labda homa tu ndiyo iliyotulizwa, hali vijidudu vingali vikizaana katika damu.

Uvimbe ni rahisi kupimwa. Panya hunyweshwa dawa, kisha hudungwa katika wayo maji yenye unga utokanao na mwani, jamaa ya ule ulimwao Unguja. Wayo huvimba, nao hupimwa kila saa. Kwa maumivu, panya huwekwa juu ya bamba lenye moto wa digrii 55 hivi, zikahesabiwa sekunde hata alambe mguu. Huondolewa upesi asiungue.

Malaria ina kazi zaidi, kwani ile ya wanadamu haiwashiki panya wa kawaida. Njia ilifunguka mwaka 1948, Vincke na Lips walipovumbua huko Katanga, nchi ya Kongo, vijidudu vya malaria ya panya wa msituni, viitwavyo Plasmodium berghei. Hivyo ndivyo watiwavyo panya wa maabara. Kundi moja hupewa dawa ya mti siku 4, la pili maji matupu, la tatu klorokwini. Siku ya 5 damu yao hutazamwa kwa darubini na vijidudu huhesabiwa.

Mwarobaini je? Majani yake yamepunguza homa na uvimbe katika wanyama. Gedunini, kitu kimoja kilichomo katika mti huo, huua vijidudu vya malaria ya wanadamu ndani ya chupa. Lakini panya walipopewa peke yake, haikuwafaa. Katika chupa dawa hugusana na vijidudu papo hapo. Mwilini hupita tumboni na katika ini, ambalo huweza kuigeuza kabla haijafika kazini.

Mafuta ya mbegu ni hatari: watoto wachanga walionyweshwa wametapika, wameshikwa na degedege, na wengine wamekufa. Na mtoto aliyekwisha kunyweshwa majani, hata homa ikishuka, apelekwe siku hiyo hiyo akapimwe damu.