Baridi ya Lushoto yafichua ladha ya mvinyo wa Hispania

Na Mwandishi Wetu, Lushoto

WANYWAJI wengi huamini kwamba mvinyo mwekundu haupozwi. Kanuni hiyo ilizaliwa Ulaya, katika vyumba vyenye nyuzijoto zipatazo 18 za Selsiasi. Mjini Tanga, ambako joto hupita nyuzi 30, kanuni hiyo huharibu chupa ya gharama kubwa.

Mfano ni mvinyo wa Rioja, kaskazini mwa Hispania, unaotokana hasa na zabibu za tempranillo. Wenye lebo ya Crianza hutunzwa walau miaka miwili, mmoja kati yake ndani ya mapipa ya mwaloni. Ukipata joto, kileo huvukiza upesi na kuifunika harufu ya matunda na ya mwaloni. Ukipozwa kupita kiasi, harufu hufifia na ukakasi utokanao na maganda ya zabibu huzidi.

Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 katika Milima ya Usambara, jioni yake hukaribia kiwango kinachotakiwa. Mimina theluthi ya glasi, itazame rangi, izungushe, inuse, kisha utulize funda mdomoni kabla ya kumeza.

Kwa wakazi wa Tanga na Dar es Salaam, nusu saa ya jokofu yatosha. Hata mvinyo wa Dodoma ufanyiwe hivyo kabla ya kuhukumiwa kuwa duni kuliko wa ng'ambo. Huenda kosa ni la joto, si la mzabibu.