Mara ya Mwisho Mlimwaga Oili Lini?

Saa 2 usiku, barabara ya Musoma, Magu tumeshaiacha nyuma. Mshale wa joto umepanda mpaka juu, mtoto analia siti ya nyuma, boneti likifunguliwa ni mvuke mtupu.

"Baba watoto, si ulisema umelipeleka kwa fundi?"

"Si wewe ulisema hela ya gari tununulie makochi?"

Ugomvi ule uliisha baada ya siku tatu. Deni la silinda hedi tulililipa kwa miezi.

Mpenzi msomaji, wengi wetu hapa Mwanza tunaendesha RAV4, Prado au Surf za miaka ya 1990, kilometa zimeshapita 200,000 na bado zinadunda. Lakini gari la umri huo haliendi kwa maombi. Na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya ukweni Sengerema au Geita haina tena kusubiri kivuko. Ni raha, ila kilometa nazo zinapanda. Hebu kaeni wawili mpitie haya:

Oili. Mwageni kila kilometa 5,000, na filta ibadilishwe hapo hapo. Andikeni kwenye daftari, msitegemee kumbukumbu ya fundi.

Rejeta. Ni kulanti, siyo maji ya ziwa. Maji matupu yanaleta kutu, njia zinaziba, injini inachemka, hedi inapinda au inapasuka. Kagueni asubuhi injini ikiwa ya baridi. Mfuniko ukifunguliwa wa moto, mtu ataungua.

Mkanda wa taimingi. Kama gari lenu lina mkanda wa mpira, wengi huubadilisha kila kilometa 100,000. Mlinunua mtumba na hamjui historia yake? Hesabuni kwamba haujabadilishwa. Kwenye injini nyingi za dizeli ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo mfuko utalia.

Breki. Mji wetu ni wa milima. Ukishuka Bugando tumia gia ndogo, usikanyage breki mwanzo mwisho. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, yabadilisheni kila miaka 2.

Matairi. Kashata kuwepo haitoshi. Soma tarakimu 4 za mwisho ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi likizeeka hupasuka hata kama linang'aa.

Sasa suala la hela. Kinachogombanisha wapenzi siyo gari kuharibika, ni kila mmoja kudhani mwenzake ameshashughulikia. Tengeni kiasi kila mwezi, hata kidogo, kisiguswe kwa harusi wala kwa makochi. Mmoja ashike daftari, mwingine aende kwa fundi, kisha mbadilishane. Dada, usiogope gereji; uliza, omba uonyeshwe kipuri cha zamani.

Mwezi uliopita niliyekwenda kwa fundi ni mimi. Juzi tumepita Magu usiku, mtoto kalala fofofo.

Makochi? Bado tunakalia yale yale.