Damu inapogoma kupanda

Nani kati yetu hajapata kugonga mfupa kwenye bakuli la supu ili ule ute wa ndani utoke? Ute huo ndio uloto, na ndani ya uloto wetu ndimo inamotengenezwa damu.

Hapa Dodoma mtu akipungukiwa damu tunataja malaria, minyoo au lishe. Mara nyingi tunapatia. Lakini namkumbuka binti wa jirani yangu. Vidonge vya madini ya chuma alimeza, damu aliongezewa mara mbili, na viganja vikapauka tena. Viungo vilimuuma, nywele zikamtoka. Mtaani wakasema karogwa.

Kumbe ilikuwa lupasi. Katika maradhi hayo, yanayowapata zaidi wanawake, askari wa kinga ya mwili humgeukia mwenye mwili. Mara chache huuvamia hata uloto, ukajaa nyuzinyuzi za kovu. Shamba likijaa visiki, mtama utaota wapi?

Kovu kama hilo huletwa pia na aina fulani ya saratani ya damu. Hiyo huvimbisha sana bandama, na tiba ya kuiponya ni kupandikizwa uloto. Kovu la lupasi kwa kawaida halivimbishi bandama kiasi hicho, na wengi hupata nafuu kwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga, isiyofaa kujinunulia dukani. Ili kujua ni lipi, daktari huchukua kipande kidogo cha uloto kwenye mfupa wa nyonga.

Basi damu ikigoma kupanda, tusiishie kuongezewa chupa nyingine. Tuulize: inakwamia wapi?