Je, wajua friji yako haitengenezi baridi?

Weka kiganja nyuma ya friji inayofanya kazi, karibu na vile vibomba vyembamba vyeusi. Joto utakalolihisi pale lilikuwa ndani ya maziwa na nyama muda mfupi uliopita. Friji haitengenezi baridi, huhamisha joto tu. Gesi, ikiwa bado majimaji, huchemka ndani ya kuta za friza na kufyonza joto la chakula. Kompresa huivuta na kuibana, kisha gesi hiyo hupita kwenye vibomba vya nyuma, hulitema joto lile jikoni, hugeuka majimaji na kurudi kuanza upya. Mwenye kulielewa hilo atatambua magonjwa mengi ya friji kabla hajampigia fundi simu.

Kule Chebunyo, eneo bunge la Chepalungu katika kaunti ya Bomet, friji hukutana na mtihani mgumu: maziwa ya jioni. Ya asubuhi yana njia yake, hupelekwa kupozwa na kuuzwa. Ya jioni hulala nyumbani. Wakipsigis walikwisha kulitatua jambo hili zamani kwa mursik: maziwa hutiwa kwenye kibuyu kilichopakwa ndani makaa ya mti wa senetwet, yakachacha taratibu na kukaa siku nyingi bila stima. Lakini anayetaka maziwa mabichi ya chai au ya kuuza kesho huyatia kwenye friji, na hapo ndipo lawama huanza.

Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na nyuzi joto 38 hivi, nayo friji inatakiwa kuyashusha hadi 4. Kwa lita 10, joto la kuondolewa ni kama kilojuli 1,300. Friji ndogo inayoweza kuhamisha joto la wati 100 itafanya kazi hiyo kwa karibu saa nne bila kupumzika, ikiwa mlango haufunguliwi. Muda wote huo mboga na nyama zilizomo zinapashwa moto na maziwa. Asubuhi mwenye nyumba husema friji imelegea, na kumbe haina ugonjwa wowote. Tia maziwa kwenye chombo cha chuma, kiweke ndani ya beseni la maji baridi kwa nusu saa, badilisha maji mara moja au mbili huku ukikoroga, ndipo uyaingize. Sehemu kubwa ya mzigo itakuwa imekwisha, na stima haijatumika hata kidogo.

Sasa stima yenyewe. Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, mbali na transfoma, hupata pungufu, hasa jioni kila mtu anapowasha vyombo vyake. Taa hufifia tu. Kompresa ndiyo huumia, kwa sababu mota huhitaji nguvu nyingi zaidi wakati wa kuanza, na nguvu hiyo hushuka haraka kuliko volti. Volti zikipungua kwa robo, kutoka 240 hadi 180, nguvu ya kuanza hubaki kama asilimia 56. Sikiliza kwa makini: tik, mngurumo wa sekunde chache, tik nyingine, kisha kimya. Hiyo ni swichi ya kinga inayokata umeme mota isiungue. Baada ya dakika chache mchezo hurudiwa. Kompresa nzuri zimeng'olewa na kutupwa kwa sababu ya mlio huo. Kabla ya kukubali kununua nyingine, jaribu friji alfajiri, watu wakiwa bado wamelala. Ikiwaka bila shida, ugonjwa uko kwenye laini. Ikiendelea kulia vilevile, mwambie fundi aanze na kile kifaa kidogo cha kuwashia kilichobanwa ubavuni mwa kompresa, ambacho ni rahisi mno kuliko kompresa yenyewe.

Radi za alasiri katika nyanda hizi hukata na kurudisha stima ghafla, nayo kompresa haipendi kuwashwa kabla shinikizo la gesi halijatulia. Ipe dakika tano. Friji gadi, kile kifaa cha kinga kinachochomekwa kati ya friji na soketi, hufanya hivyo yenyewe, na hukata volti zikizidi au zikipungua mno. Haiongezi volti, lakini kwa mtu wa Bomet au Kericho naiona kuwa ununuzi wa lazima.

Panda juu kidogo, kwenye mashamba ya majani chai ya Kericho, ukutane na kisa kingine. Usiku wa Juni na Julai huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Friji yenye herufi T au ST kwenye kibandiko chake imeundwa kwa chumba kisichopungua nyuzi 16. Katika jiko la baridi, kidhibiti joto kilicho sehemu ya chini huona kumepoa, hakiiti kompresa, na nyama iliyo kwenye friza juu ikaanza kulainika. Ihamishie chumba chenye joto, au utafute yenye herufi SN, inayovumilia hadi nyuzi 10.

Mengine ni mepesi. Maji yakimwagika ndani, zibua kile kitundu cha ukuta wa nyuma kwa maji ya vuguvugu. Bana noti mlangoni. Ikichomoka bila kukazwa, raba imechoka au ni chafu. Barafu ikinenepa, zima friji na uache mlango wazi. Kisu usikiguse, maana katika friza nyingi za mlango mmoja gesi hupita ndani ya ukuta huohuo wa alumini, na tundu moja linatosha kuiua friji.

Hapo ndipo neno "gesi imeisha" huingia, na ndilo ninalotaka ulitilie shaka. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyochomelewa pande zote, miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu amekuuzia wiki chache za baridi.

Gesi zenyewe zimebadilika. Zile za kikundi alichokianzisha mvumbuzi Thomas Midgley mwaka 1928 ziligunduliwa kutoboa tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. Zilizozifuata, kama R134a, zinapasha dunia joto, nazo zikawekewa mpango wa kupunguzwa katika makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016. Friji nyingi mpya sasa hutumia R600a, isobutani, gramu zipatazo 50 tu. Haidhuru ozoni, lakini inashika moto. Kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma kabla fundi hajafungua mkoba wake. Kikisema R600a naye akataka kuwasha tochi ya kuchomelea ndani ya jiko lililofungwa, mzuie. Fungueni milango na madirisha, zimeni jiko, na gesi iliyobaki itolewe nje kwanza.