Kusawazisha bustani ya nyasi: Pima kabla ya kuita lori

WENYE nyumba za kulala wageni, wapangishaji na wenye nyumba binafsi mjini Igwachanya wanaotaka kusawazisha bustani zao za nyasi hawana budi kufanya hesabu mapema, kabla ya kuagiza mchanga. Kinachokula fedha katika kazi hii mara nyingi si bei ya mzigo, bali ni mzigo usiolingana na eneo, tena ulioletwa katika msimu usiofaa.

Igwachanya ni makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, katika Mkoa wa Njombe uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Mji wa namna hii unapojengwa, nyasi hupandwa juu ya udongo uliokwisha kuchimbwa: mtaro wa bomba, shimo la maji machafu, kifusi kilichofukiwa haraka ili fundi apate malipo yake. Udongo huo hutitia polepole kwa mvua za misimu miwili au mitatu. Matokeo yake ni mabonde yanayotuamisha maji na vichuguu vinavyonyolewa hadi mizizi kila mashine ya kukatia nyasi inapopita.

Dawa yake ni kutandaza udongo mwembamba juu ya nyasi zilizo hai, nazo zikapenya na kuota juu yake. Hapa wengi wa wakulima wa mahindi huchanganya mambo, kwa kuwa "kukuzia" kwao ni ile mbolea ya pili inayowekwa mahindi yakiwa yameinuka. Katika bustani ya nyasi kinachowekwa ni udongo wenyewe, na kazi yake kubwa ni kujaza.

Hesabu ya mzigo

Kipimo salama kwa mara moja ni milimita 6 hadi 10. Ncha za majani lazima zibaki zikionekana baada ya kusambaza kwa reki na kupitisha fagio. Nyasi iliyofunikwa kabisa hukosa mwanga, na mwenye bustani hujikuta ananunua miche upya.

Chukua mfano wa ua wenye mita za mraba 200. Kwa unene wa milimita 8, ua huo unahitaji mita za ujazo 1.6 tu, yaani kama debe 80 za lita 20. Lori la tani 7 likipakia mchanga mkavu hubeba mita za ujazo 4 na zaidi kidogo. Aliyelipia lori zima huona uchungu kuacha lundo pembeni, hivyo humwaga lote. Unene unafika sentimita 2 na ushei, na nyasi iliyokatwa chini inazikwa ikiwa hai. Majirani wawili au watatu kuchangia lori moja ni biashara yenye akili zaidi, ama mmoja akanunua kwa debe. Debe moja linatosha mita za mraba 2 na nusu.

Kuna jambo jingine ambalo wauza mchanga wanalijua vizuri kuliko wanunuzi. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Chembe zake huachana, na ujazo unaweza kuongezeka kwa robo nzima bila mchanga kuongezeka hata kijiko. Anayenunua kwa ujazo wakati wa mvua analipia hewa na maji. Mchanga ununuliwe Septemba au Oktoba, ukiwa mkavu, na ufunikwe kwa turubai mpaka siku ya kazi. Wenye mashaka watikise kiasi kidogo ndani ya chupa ya maji: tabaka nene la tope likitulia juu ya mchanga, huo ni udongo uliouzwa kwa jina la mchanga.

Msimu ndio mtaji

Ukoka, paspalum na nyasi za kikuyu ni nyasi za joto. Hukua kwa nguvu wakati ardhi ina joto na maji, na hulala wakati wa baridi. Ukanda wa Njombe na Makambako hupata mvua kati ya Novemba na Aprili, kisha hufuata baridi kali ya Juni hadi Agosti, ambayo maeneo ya juu huleta hata sakitu. Udongo ukimwagwa Juni juu ya nyasi iliyokwisha kuwa kahawia, hakuna kitakachopenya. Upepo utaupeperusha na mvua ya kwanza itaumalizia mtaroni. Wakati wa kufanya kazi ni Desemba hadi Februari, siku isiyo na mvua, baada ya kukata nyasi chini na kukwangua masazo yaliyokauka.

Nyasi za kikuyu huvumilia baridi kuliko ukoka, na si ajabu, kwa kuwa asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Huko Australia nyasi hiyo hiyo huuzwa kwa mita ya mraba kama zulia, na jirani wa mnunuzi huilaani kama gugu. Hapa wengi bado huichimba kando ya njia bila kulipa senti.

Kuhusu mchanganyiko, sehemu 2 za mchanga, sehemu 2 za udongo wa palepale uliochekechwa na sehemu 1 ya samadi iliyooza vinafaa kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Mchanga mtupu unaotandazwa mara moja tu juu ya mfinyanzi hufanya tabaka mbili zisizoelewana, na maji hukwama katikati. Samadi peke yake hupendeza kwa miezi michache, kisha huoza, hupungua, na bonde linarudi pale pale.

Onyo la pekee ni kuhusu vumbi la mbao. Mkoa huu una misitu ya kupandwa na mashine za kupasua mbao, hivyo vumbi hupatikana kwa bei ya kulibeba tu. Likiwa bichi, vijidudu vinavyoliozesha hunyang'anya nyasi naitrojeni, na bustani hugeuka njano. Lirundikwe na samadi mwaka mmoja au zaidi kwanza.

Mabonde yenye kina cha zaidi ya sentimita 4 yasijazwe kwa juu. Nyasi ikatwe kwa sepetu kama kipande cha mkate, ikunjuliwe, udongo uwekwe chini na kushindiliwa, kisha irudishwe na kumwagiliwa. Kichuguu nacho huondolewa kwa njia hiyo hiyo, kwa kutoa udongo. Mabonde ya wastani yajazwe kwa awamu, kila baada ya wiki 4 hadi 6, nyasi ikishapenya. Ua ubaki ukiteremka sentimita 2 kwa kila mita kutoka ukutani, na udongo usipandishwe kupita usawa wa kizuizi cha unyevu cha nyumba. Ukarabati wa ukuta ni ghali kuliko bustani yote.

Kwa upande wa wauzaji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, hivyo mnunuzi ana haki ya kuuliza mchanga umetoka wapi. Aulize pia kama ulilala karibu na shamba lenye ndago. Vitunguu vya ndago hupita ndani ya mzigo bila kuonekana, huota ndani ya wiki chache, na kung'oa majani hakuvimalizi. Chekeche lenye matundu ya milimita 5 huzuia vingi kati ya hivyo, na ni kwa sababu hiyo debe la udongo uliochekechwa linastahili bei ya juu kuliko debe la udongo wa kuchota tu.